Barua Hupita Mikononi mwa Nani

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote darasani alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu, na siku ya kwanza alikuja na ombi ambalo sikulitarajia. Wenzake walitaka kujifunza kuandika majina yao, au kusoma barua za nyumbani bila kumwomba mtu. Yeye alitaka tarehe. Alitaka nimfundishe kuandika siku, mwezi na mwaka kabla ya herufi yoyote, na nilipomuuliza sababu alinijibu kwa subira ya mtu anayemweleza mtoto: barua isiyo na tarehe inaweza kuwa ya jana au ya mwaka juzi, kadiri atakavyopenda anayeipokea.

Nilikuwa nikijitolea kufundisha kusoma na kuandika gerezani, siku mbili kwa wiki, kwa muda wa miaka mitatu. Sikuwa mwanasheria wala mtumishi wa shirika lolote la haki za binadamu. Nilikuwa na chaki, madaftari na kibali chenye mhuri. Lakini mtu anayejua kuandika akiingia mahali ambapo wengi hawajui, hapiti muda mrefu kabla hajaombwa aandike, na katika yote niliyoombwa kuandika, barua za nyumbani zilikuwa chache kuliko malalamiko. Magodoro, dawa zilizokatizwa, siku ya kutoka iliyohesabiwa vibaya, askari fulani na ulimi wake. Mzee wangu wa tarehe alikuwa na lalamiko moja tu. Alihamishwa kutoka gereza jingine, na miwani yake, iliyoandikwa vizuri kwenye orodha ya mali zake alipoondoka huko, haikuwamo mfukoni alipofika.

Mtu anaweza kuliona jambo hilo dogo. Kwa watu wanaosikiliza malalamiko ya wafungwa kila siku, si dogo wala si geni: Uingereza ina mchunguzi huru wa malalamiko ya wafungwa, na mwaka baada ya mwaka, kati ya mambo yanayomfikia kwa wingi zaidi ni mali zilizopotea, hasa wakati wa uhamisho. Mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu na mahakama anabaki na mfuko mmoja, na mfuko huo unapita mikononi mwa watu ambao hana namna ya kuwafuata akauliza.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo la malalamiko gerezani ni la masikio, yaani wakubwa hawataki kusikia. Nilibadili mawazo polepole, darasani humo. Nilikuja kuona kwamba lalamiko la mfungwa huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla halijasomwa na mwenye mamlaka ya kuliamua, na kinacholiamua ni swali la kawaida kabisa la usafirishaji: limepita mikononi mwa nani? Raia anayeilalamikia ofisi ana miguu ya kumpeleka kwenye ofisi nyingine, ana simu, ana jirani anayemjua mtu. Mfungwa hana hata bahasha. Karatasi, kalamu, kibali cha kumwona mkuu wa gereza, ufunguo wa sanduku la malalamiko na mfuko wa posta vyote vimo mikononi mwa upande uleule anaoulalamikia. Waswahili hushangaa mtu anapompelekea ngedere kesi ya nyani. Gerezani ngedere haishii kuiamua kesi. Ndiye pia anayeibeba kutoka kwa mlalamikaji, akiwa na nafasi ya kuiangusha njiani.

Waandishi wa sheria za kimataifa wanaonekana kuwa walilielewa hilo, ingawa iliwachukua miaka 60 kuyasahihisha maneno yao. Kanuni za kiwango cha chini za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa Geneva mwaka 1955, zilimruhusu mfungwa kulipeleka lalamiko lake kwa makao makuu ya magereza au mahakamani bila maudhui yake kuchujwa, ila kwa masharti mawili ambayo msomaji wa haraka angeyapita tu: liwe katika muundo unaofaa, na lipite katika njia zilizoidhinishwa. Zilisema tena kwamba kila lalamiko lishughulikiwe upesi, isipokuwa lile ambalo ni dhahiri kuwa la upuuzi au halina msingi. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi anajua maneno kama hayo hufanya kazi gani. Muundo unaofaa huamuliwa na mwenye dirisha. Njia iliyoidhinishwa ni dirisha hilohilo. Na upuuzi huonekana dhahiri kwa yule anayelaumiwa. Mwezi wa Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zilizorekebishwa, zikapewa jina la Nelson Mandela, na maneno yote matatu yakaondolewa.

Kanuni za Mandela si mkataba, na hakuna askari anayeweza kukamatwa kwa sababu tu ameivunja moja yake, lakini zimeeleza njia ya lalamiko kwa umakini ambao sijauona mahali pengine. Kanuni ya 56 inampa mfungwa nafasi ya kulalamika kila siku, si siku za kazi peke yake kama ilivyokuwa mwaka 1955. Inamruhusu azungumze na mkaguzi kwa uhuru na kwa siri kamili, mkuu wa gereza na askari wake wakiwa hawapo. Inamruhusu wakili wake alalamike kwa niaba yake, na pale ambapo mfungwa na wakili hawawezi, jamaa yake au mtu yeyote anayeijua kesi. Kanuni ya 57 inataka lalamiko lishughulikiwe upesi na kujibiwa bila kuchelewa, na likikataliwa au likicheleweshwa isivyostahili, mfungwa awe na haki ya kulifikisha kwa hakimu au mamlaka nyingine. Kanuni ya 55 ndiyo iliyonigusa mimi mwenye chaki: maelezo ya haki na taratibu za kulalamika yatolewe kwa lugha anayoielewa mfungwa, na kama hajui kusoma, aelezwe kwa mdomo. Katika miaka yangu mitatu sikukutana na mwanafunzi hata mmoja aliyeniambia kwamba aliwahi kuelezwa hivyo. Walielezwa na wafungwa wenzao, na walichoelezwa zaidi ni nani asilalamikiwe.

Mikono ya kwanza, kwa kweli, mara nyingi si ya askari. Katika magereza mengi duniani mfungwa hamfikii askari wa zamu bila kupitia kwa nyapara, mfungwa mwenzake aliyepewa usimamizi wa selo, na nyapara ana biashara zake: sehemu nzuri ya kulala, foleni ya maji, sigara. Kanuni ya 40 inakataza mfungwa yeyote kupewa kazi ya kuwatia adabu wenzake. Sababu yake inaonekana wazi mtu akijaribu kuifuatilia safari ya barua moja: anayelalamika kuhusu nyapara anaanza safari hiyo kwa kumwomba nyapara ruhusa ya kutoka selo.

Kisa kinachonielezea jambo hili vizuri kuliko vyote ni cha zamani na kimo katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1941, inayojulikana kwa jina la Ex parte Hull. Mfungwa wa jimbo la Michigan aliandaa ombi lake kwa mahakama hiyo mwezi wa Novemba 1940. Alimpelekea ofisa wa gereza alithibitishe. Ofisa akakataa, akamwambia kwamba karatasi hizo hazitapokewa kwa ajili ya posta. Mfungwa akampa baba yake karatasi hizo alipokuja kumtembelea, akazitume kutoka nje, walinzi wakazikamata. Siku chache baadaye akajaribu kumwandikia karani wa mahakama. Barua ikachukuliwa ikapelekwa kwa ofisa wa sheria wa bodi ya kuachia wafungwa mapema. Mwishoni mwa Desemba karatasi nyingine ikafika mahakamani kwa mkono wa baba yake, na majaji wenyewe waliandika kwamba alifanikiwa kwa namna fulani, kana kwamba nao walishangaa. Gereza lilijitetea kwa kanuni iliyotaka kila ombi likaguliwe kwanza na ofisi yake, ili kuhakikisha limeandikwa ipasavyo. Mahakama ikasema kwamba kuamua kama ombi limeandikwa ipasavyo ni kazi ya mahakama peke yake, ikaifuta kanuni hiyo. Ombi lenyewe la mfungwa lilikataliwa. Ninakipenda kisa hiki kwa sababu hiyo: hakikuwa na shujaa aliyeonewa na baadaye akashinda. Alikuwa mtu asiye na hoja ya kutosha ambaye alistahili kuambiwa hivyo na jaji, wala si na mtu mwenye funguo.

Mahakama hiyohiyo ilirudi kwenye mikono mwaka 1988. Mfungwa asiye na wakili alikuwa na siku 30 za kukata rufaa, akakabidhi taarifa yake kwa maofisa wa gereza siku ya 27, na karani wa mahakama akaipiga mhuri siku ya 31. Amechelewa au hajachelewa? Majaji walio wengi waliona kwamba mtu mwingine yeyote angeweza kwenda mwenyewe kwa karani, au kupiga simu kuuliza kama barua imefika. Huyu, tangu alipoiachia karatasi, hakuwa na la kufanya. Wakaamua kwamba rufaa yake ihesabiwe imewasilishwa wakati ule alipowakabidhi maofisa wa gereza. Mzee wangu hakuwahi kusikia hukumu hiyo, lakini tarehe aliyokuwa akiihangaikia ilikuwa hiyohiyo.

Kuna ushauri mmoja ambao kila mgeni huutoa, na hata mimi niliutoa mwanzoni: kama gereza halisikii, nenda mahakamani. Marekani imelifunga mlango jambo hilo kwa namna inayofaa kuangaliwa na kila anayetunga taratibu za malalamiko. Sheria ya mwaka 1996 kuhusu kesi za wafungwa inamtaka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza kabla hajafungua kesi ya shirikisho kuhusu hali ya maisha yake kifungoni. Kwa mtazamo wa kwanza ni busara, kwani nani angependa mahakama ijae kesi za mablanketi? Tatizo ni kwamba anayeandika muda wa mwisho wa kila ngazi ni mshtakiwa. Mwaka 2006 majaji wa Mahakama ya Juu waliamua kuhusu mfungwa wa California aliyezuiwa kushiriki shughuli za dini: lalamiko lake lilikataliwa kwa sababu halikuletwa ndani ya siku 15 za kazi, na kwa kuwa hakuufuata utaratibu ipasavyo, mlango wa mahakama ukafungwa pamoja na wa gereza. Siku 15 hizo zilitungwa na gereza. Utaratibu uliotakiwa kuwa ngazi ukawa wavu.

Mwaka 2016 mahakama hiyo ililegeza kidogo. Ilisema mfungwa halazimiki kumaliza njia ambayo kwa kweli haipo, ikataja hali tatu: njia isiyofika popote kwa sababu maofisa hawawezi au hawataki kutoa nafuu yoyote, utaratibu uliotatanishwa hata mfungwa wa kawaida asiweze kuufuata, na pale maofisa wanapomzuia kwa hila, upotoshaji au vitisho. Ni orodha fupi, lakini kila neno lake nililitambua. Na Juni 2025, miaka 84 baada ya kile kisa cha kwanza na katika jimbo lilelile la Michigan, ikaja kesi ya mfungwa aliyedai kwamba ofisa alimnyanyasa kingono, kisha akaziharibu fomu za malalamiko na kumtishia. Ofisa alijibu kwamba mfungwa hakumaliza utaratibu wa malalamiko. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama iliamua kwamba ubishi wa aina hiyo, unapofungamana na kiini cha kesi yenyewe, unaweza kupelekwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama badala ya kumalizwa na jaji peke yake. Nilisoma habari za hukumu hiyo mara mbili. Sheria yote ile, majaji tisa na mawakili wao, ilikuwa ikizunguka karatasi ambayo mtu anadai ilichanwa.

Nirudi kwenye gereza langu, ambako hakukuwa na mawakili. Kulikuwa na sanduku. Lilikuwa la mbao, limepakwa rangi upya, limeandikwa MAONI NA MALALAMIKO kwa herufi nzuri, na wageni rasmi walikuwa wakionyeshwa. Lilipigiliwa ukutani mkabala na meza ya askari wa zamu, hatua nne hivi. Aliyepiga misumari hakuwa na nia mbaya, nadhani. Huo ndio ukuta uliokuwa wazi. Lakini hakuna aliyeweza kutumbukiza karatasi bila kuonekana, na ufunguo ulikaa ofisini, kwenye droo. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba sanduku lile lilikuwa la kuwajulisha askari nani anajua kuandika.

Mwaka wangu wa pili nilifanya kosa ambalo bado linanisumbua. Kijana mmoja darasani aliniomba nimsaidie kuandika kuhusu nyapara aliyekuwa akiuza sehemu za kulala. Tuliandika vizuri: tarehe, mahali, kiasi, majina ya mashahidi wawili waliokubali kutajwa. Alitaka kuisubiri ziara ya hakimu, ambaye alikuja kila baada ya miezi kadhaa. Mimi niliona anachelewa. Niliichukua barua ile na kuipeleka mwenyewe ofisini, kwa ofisa niliyemwona mstaarabu, nikidhani kwamba mkono wangu wa mtu wa nje utaiongezea uzito. Wiki iliyofuata yule kijana hakuja darasani. Hakupigwa. Aliondolewa jikoni, ambako alikuwa akipata chakula cha kutosha, akapelekwa kazi ya mitaro, ambayo saa zake zilikuwa saa za darasa. Selo yake ilipekuliwa mara tatu katika siku tano. Mmoja wa mashahidi alihamishiwa gereza la mbali, na mama yake hakuweza tena kumtembelea. Nilipouliza, nilijibiwa kila jambo kwa sababu yake: jikoni kulikuwa na mabadiliko ya kawaida, upekuzi ni wajibu, uhamisho ni amri ya juu kupunguza msongamano. Kila sababu ilikuwa inaaminika. Kisasi cha gerezani kwa kawaida hakiji na rungu; huja na ratiba.

Ndiyo maana Kanuni ya 57 haikuridhika kukataza adhabu. Inataka mlalamikaji asiwekwe katika hatari ya kulipiziwa kisasi, kutishwa wala kupata matokeo mengine mabaya kwa sababu ya lalamiko lake, na inataka pawe na kinga za kuliwasilisha kwa usalama, na kwa siri akiomba. Kuna andiko jingine linalokwenda mbali zaidi: Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Mateso, iliyopitishwa mwaka 2002 na kuanza kutumika mwaka 2006, ambayo iliunda utaratibu wa wakaguzi huru, wa kimataifa na wa kila nchi mwanachama, kuingia mahali popote pa kuzuilia watu. Ibara yake ya 21 inakataza kumwadhibu mtu kwa taarifa aliyoupa utaratibu wa ukaguzi wa nchi yake, iwe ya kweli au ya uongo. Maneno hayo ya mwisho huwakera wengi, na niliwahi kubishana na rafiki yangu askari juu yake. Lakini kama adhabu inaruhusiwa kwa uongo, basi yule anayelaumiwa ana kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kusema kwamba umesema uongo.

Tulipokuwa tukiandika barua ile, kijana aliniuliza kama aanze na "mimi" au "sisi". Nilimwambia yote ni sawa. Hayakuwa sawa. Katika magereza mengi, malalamiko ya pamoja huhesabiwa kuwa uchochezi au dalili ya maasi, na lalamiko la mtu mmoja huhesabiwa kuwa tatizo la mtu mmoja. Mandela aliandika kuhusu miaka ya mwanzo katika kisiwa cha Robben kwamba kila mfungwa aliruhusiwa kujisemea yeye mwenyewe tu. Ukisema "sisi" mbele ya mkubwa unakatizwa na kuamriwa useme "mimi". Wafungwa hao wakatafuta namna yao. Mwaka 1967 mbunge Helen Suzman, aliyekuwa peke yake bungeni kwa chama chake, aliruhusiwa kukitembelea kisiwa. Akipita selo kwa selo, kila mmoja hakumweleza shida zake bali alimwelekeza aende akamwone Mandela mwishoni mwa ujia. Hakuna aliyesema "sisi", na wote wakawa wamesema kwa mdomo mmoja. Mandela alimweleza, pamoja na mengine, habari za askari mmoja mkatili aliyekuwa na alama ya Wanazi imechorwa mwilini. Suzman alilifikisha jambo hilo kwa waziri, na askari yule akaondolewa kisiwani. Lalamiko lilifika kwa sababu lilibebwa kichwani mwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumpekua.

Wanaosema kwamba wafungwa hulalamikia vitu vidogo wana haki, na hapo ndipo penye hatari. Julai 1971 kundi la wafungwa wa gereza la Attica, jimbo la New York, liliwapelekea mkuu wa magereza wa jimbo na gavana waraka wa madai 27. Yalikuwamo mambo mazito ya kisheria, lakini maisha yaliyokuwa nyuma ya waraka ule yalikuwa ya kuoga mara moja kwa wiki na karatasi ya chooni rola moja kwa mwezi. Mnamo Septemba 9 gereza lililipuka kwa maasi. Siku nne baadaye serikali ililirudisha kwa risasi, na hadi mwisho watu 43, wafungwa na watumishi, walikuwa wamekufa. 39 kati yao waliuawa na vikosi vya serikali katika kulikomboa gereza. Maasi ya gereza la Strangeways, Manchester, yalichukua siku 25 mwezi wa Aprili 1990, wafungwa wakiwa juu ya paa mbele ya kamera. Uchunguzi wa Jaji Woolf, uliotolewa mwaka uliofuata, ulisema kwamba moja ya mambo yaliyokosekana ni njia huru ya kumaliza malalamiko, na mwaka 1994 Uingereza ikawa na yule mchunguzi niliyemtaja, anayeshughulika leo na miwani na mifuko iliyopotea. Nikiwaona watu wakicheka kwamba ofisi nzima ya umma inatafuta viatu vya mfungwa, nakumbuka bei ya kutovitafuta.

Nisiseme kana kwamba kila lalamiko lililopita mezani kwangu lilikuwa la kweli. Mwanafunzi mmoja aliniandikisha barua tatu dhidi ya askari aliyemkamata na simu, na simu ilikuwa yake. Mwingine alilalamikia ladha ya dawa. Rafiki yangu askari, ambaye alikuwa mtu mwema na amechoka, aliniambia kwamba alikuwa peke yake na wafungwa zaidi ya 100 kwa zamu moja, na kwamba nusu ya malalamiko yangeisha papo hapo kama angekuwa na mablanketi ya kugawa. Ninamwamini. Askari wa ngazi ya chini hupewa malalamiko ambayo hana uwezo wa kuyatatua, kisha hulaumiwa kwa kuyakalia. Lakini hata yeye, nilipomuuliza angependa lalamiko dhidi yake lisomwe na nani, alisema mtu ambaye hamfahamu.

Kamati ya Baraza la Ulaya ya kuzuia mateso, ambayo wakaguzi wake wameingia katika magereza ya nchi nyingi kuliko chombo kingine ninachokifahamu barani humo, mwaka 2018 ilitoa sura nzima kuhusu malalamiko. Ilitaja misingi mitano, na wa mwisho wake ni ule ambao wengi huusahau: lalamiko liache nyayo. Liingizwe kwenye daftari, lipewe namba, mlalamikaji apewe nakala, jibu liandikwe na sababu zake ziandikwe. Hapo ndipo hesabu huwa na maana. Gereza lisilo na lalamiko hata moja kwa mwaka huwa linasifiwa katika ripoti, wakati kinachopaswa kuulizwa ni sanduku limepigiliwa wapi. Na gereza ambalo malalamiko yake yanaongezeka ghafla huenda limeharibika, au huenda limepata mkuu mpya ambaye watu wameanza kumwamini. Namba peke yake haitenganishi hayo mawili. Daftari lenye tarehe na majibu huyatenganisha.

Mzee wangu alijifunza tarehe kwa wiki mbili na herufi kwa miezi saba. Lalamiko lake aliliandika mwenyewe, akiwa ameinyoosha karatasi mbali na macho mpaka mkono ukaishia: tarehe juu, tarehe ya uhamisho, namba ya orodha ya mali, kisha mstari mmoja, "Naomba miwani yangu." Hakutaka nimpelekee, na mimi sikujitolea. Aliisubiri ziara ya hakimu, akamkabidhi mkononi mbele ya watu wengi, akamwomba amwandikie kwenye daftari lake la darasa kwamba amepokea. Hakimu, nadhani kwa kushangaa, akaandika.

Jibu lilikuja baada ya wiki 11, na mzee akaja nalo darasani likiwa bado limekunjwa. Alinipa nimsomee. Nilimkumbusha kwamba sasa anajua kusoma, tena vizuri kuliko wengi mle ndani. Akasema anajua, ila wameliandika kwa herufi ndogo mno. Nililikunjua. Juu kulikuwa na namba ya jalada na tarehe, na chini yake neno moja, "Limeshughulikiwa", na sahihi. Nikamsomea, naye akanitazama kwa yale macho yake akisubiri niendelee.